Islahi Huanza kwa Kufahamu

Mhadhara huu ulitolewa Louisville baada ya sala ya Tarawehe, katika kumi la kati la Ramadhani, na ukasikilizwa kwa njia ya intaneti na ndugu zetu wa Columbus na Buffalo. Umeandikwa kama ulivyosemwa, isipokuwa marudio yamepunguzwa.

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo: wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu na watoto wetu mlio mbele yetu hapa Louisville, nanyi mlio mbali na macho yetu lakini karibu na nyoyo zetu huko Columbus na Buffalo, Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tumeombwa na kamati ya jumuiya tuzungumze usiku huu juu ya fikra za islahi katika Uislamu wa zama hizi. Tulipopokea ombi hilo tulisita kidogo, kwa sababu tunajua neno islahi linavyosikika katika baraza zetu. Mtu akilitaja tu, wasikilizaji huanza kujipanga: huyu ni wa maulidi, yule ni wa kupinga maulidi; huyu hufuata mwezi ulioonekana popote duniani, yule husubiri mwezi wa hapa. Tulivuka bahari tukaacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wetu, lakini magomvi hayo tuliyafunga vizuri kwenye mizigo, na yote yakafika salama.

Usiku huu hatutaufungua mzigo huo. Tutazungumza juu ya upande mwingine wa islahi, ambao wazee wetu wa pwani waliufanyia kazi zaidi kuliko ubishi, nao ni kuufahamisha umma dini yake. Tumeuchagua kwa sababu Jumamosi ijayo, inshaallah, wajumbe wa miji yetu mitatu watakaa shura kuamua jambo ambalo limeshagawa nyumba kadhaa: watoto wetu wasomeshwe dini kwa lugha gani?

Tuanze na tuliyoyaona wenyewe. Majira ya baridi yaliyopita tulialikwa kuwasikiliza watoto wa madrasa ya mwisho wa wiki katika mmoja wa miji hii. Alisimama kijana wa miaka 13, akasoma Suratul-Asr kwa tajwidi iliyowatoa wazee machozi. Tukamuuliza maana yake, akanyamaza. Mwalimu wake akamsaidia kwa Kiswahili safi, akamweleza habari ya hasara ya mwanadamu na habari ya kuusiana haki na subira. Kijana akaitikia kwa adabu. Baadaye, tulipokuwa mlangoni tukivaa viatu, tulimsikia akimuuliza mwenzake kwa Kiingereza: hasara ni nini?

Ndugu zetu, kijana yule hakukosa. Alichoambiwa ahifadhi amekihifadhi. Lakini ameipokea Qur'ani katika lugha asiyoifahamu, kisha akapokea maelezo ya Qur'ani katika lugha nyingine asiyoifahamu, na sisi watu wazima tukatoka mle tukisema mashaallah.

Tuone sasa waliotutangulia walifanya nini walipolikabili jambo la namna hii.

Islahi si neno lililozuliwa na watu wa magazeti. Katika Sura Hud, Nabii Shu'ayb anawaeleza watu wake kwamba hana analolitaka ila kutengeneza kadiri ya uwezo wake. Hiyo ndiyo maana ya neno lenyewe: kutengeneza kilichoharibika. Anayetengeneza paa la nyumba haibomoi nyumba, wala hawatukani walioijenga.

Katika zama za karibu, watu wa kwanza kutajwa katika habari hii ni Sayyid Jamaluddin Al-Afghani na mwanafunzi wake Sheikh Muhammad Abduh wa Misri. Tunapenda mkumbuke walikuwa wapi mwaka 1884. Waingereza walikuwa wameikalia Misri tangu 1882, Abduh akafukuzwa nchini mwake, na wote wawili wakakutana Paris. Huko, wakiwa wageni katika nchi isiyo ya Kiislamu, walichapisha jarida la Al-Urwatul-Wuthqa. Jarida lile halikutimiza mwaka, lakini sauti yake ilifika mbali. Baadaye Abduh alirejea kwao, akawa Mufti wa Misri mwaka 1899, na akafariki 1905. Mwanafunzi wake, Sheikh Rashid Rida, naye alikuwa mhamiaji: alitoka Sham akaenda Cairo, akaanzisha jarida la Al-Manar mwaka 1898. Basi asituambie mtu kwamba aliye ugenini hana la kuchangia katika dini ila kusubiri kurudi nyumbani. Sehemu kubwa ya fikra hizi ilizaliwa ugenini.

Swali lao lilikuwa moja: kwa nini Waislamu wamebaki nyuma? Jibu lao halikuwa kuilaumu dini. Walilaumu taqlidi, yaani mtu kumfuata aliyemtangulia bila kujua ushahidi wala maana. Walisema akili na wahyi havigombani, na kwamba elimu za dunia si mali ya Mzungu peke yake.

Jarida la Al-Manar lilisafiri kwa meli hadi Unguja na Mombasa, na mmoja wa waliolisoma kwa makini alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Alisoma kwa wanazuoni wa mji wake na kwa mabingwa wa Unguja, miongoni mwao Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir. Kiarabu chake kilikuwa cha mwanachuoni kamili. Kama angetaka, angeandika kwa Kiarabu maisha yake yote, akasomwa na wanazuoni wenzake na kusifiwa nao.

Hakufanya hivyo. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi iliyoitwa Sahifa, kwa Kiswahili, ili isomwe na muuza duka, baharia na mwalimu wa chuo. Mwaka 1932 akatoa jarida la Al-Islah, lenye kurasa za Kiswahili na za Kiarabu. Ndani yake aliwaambia watu wake maneno magumu: kwamba wanafuja mali katika sherehe, kwamba wanamwiga Mzungu katika mavazi na kumwachia elimu yake, kwamba wanawanyima binti zao masomo. Baadhi ya makala zake zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, kilichotoka mwaka 1944. Aliwaandikia watoto masomo ya dini. Alianza tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili, na mauti yakamkuta mwaka 1947, akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, kabla hajaimaliza.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Rashid Rida, ambaye jarida lake lilimwathiri Sheikh Al-Amin, aliipinga vikali tafsiri ya Kituruki iliyokusudiwa kukaa mahali pa Qur'ani ya Kiarabu. Hofu yake haikuwa ya bure: aliogopa umma kukatika vipande, kila taifa na msahafu wake. Sheikh Al-Amin hakutaka Kiswahili kiingie mahali pa Kiarabu ndani ya sala. Alitaka anayesimama katika sala ajue anasema nini na Mola wake. Kuibadilisha Qur'ani ni jambo moja, na kuifahamisha ni jingine. Ndugu zetu, tukizichanganya hoja hizi mbili Jumamosi, shura yetu itaharibika kabla haijaanza.

Wala tusidhani kwamba kazi hii ilikuwa ya kundi moja. Kabla ya Sheikh Al-Amin, Lamu ilimpata Habib Saleh, Sharifu aliyetoka Ngazija, naye pia mgeni. Aliwafungulia darasa watu ambao waungwana wa mji hawakupenda kuwaona wakisoma, wakiwamo waliotoka utumwani na watoto wao. Msikiti wake wa Riyadha ukawa chuo kikubwa, na maulidi yake yakajaa ngoma na mapenzi ya Mtume. Alifariki mwaka 1935. Wafuasi wa njia ya Habib Saleh na wafuasi wa njia ya Sheikh Al-Amin wamebishana sana tangu siku hizo. Lakini tukiwatazama kwa insafu, wote wawili waliona ugonjwa mmoja: elimu imefungiwa ndani, na umma uko nje.

Na ndugu zetu wa Barawa, ambao wako wengi huko Columbus, mnajua habari hii kuliko sisi. Barawa ilimtoa Sheikh Uways, aliyefariki mwaka 1909, ambaye tariqa yake ya Qadiriyya ilienea pwani yote na kuingia bara. Barawa hiyohiyo ilimtoa Dada Masiti, mwanamke mcha Mungu aliyetunga mashairi ya dini kwa Chimiini, lugha ya nyumbani, lugha ambayo mama humwimbia mtoto. Hakusubiri ruhusa ya gazeti la Cairo. Alijua tu kwamba wanawake wenzake wanataka kufahamu.

Kisha akaja Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1912, mwalimu wa skuli na mwanafunzi katika njia ya Sheikh Al-Amin. Kabla yake, tafsiri kamili za Qur'ani kwa Kiswahili zilikuwa mbili: ile ya padri Godfrey Dale iliyotoka 1923, na ile ya Jumuiya ya Ahmadiyya iliyotoka Nairobi mwaka 1953. Fikirini jambo hili. Kwa miaka 30 Mswahili aliyetaka kuisoma Qur'ani yote kwa lugha yake alikuwa na kitabu kimoja, nacho cha mmisionari. Masunni walikuwa na wanazuoni wakubwa, lakini wanazuoni walichelewa. Sheikh Farsy aliihama Unguja akaingia Kenya, akawa Kadhi Mkuu mwaka 1968, na mwaka uliofuata Qurani Takatifu yake ikatoka kamili. Alifariki Oman mwaka 1982. Wengi wetu tuliomo humu tulikua na kitabu hicho kwenye rafu ya juu sebuleni.

Somo la kisa hiki si gumu: mwenye haki ya kufundisha akichelewa, watoto hawakai wakimsubiri. Watamsikiliza aliyewahi kuzungumza nao. Leo kijana wetu wa Buffalo akiwa na swali la dini saa sita za usiku, hamwamshi babu yake. Anaiuliza simu, na simu itamjibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu tusiyemjua.

Tulikuwa Afrika Mashariki, na sasa turudi tulipokaa. Mji huu wa Louisville ni mahali alipozaliwa Muhammad Ali mwaka 1942. Aliposilimu alikuwa katika Nation of Islam ya Elijah Muhammad, jumuiya iliyowafundisha watu wake kujiheshimu, lakini katika itikadi ilikuwa mbali na Uislamu tunaoujua sisi: ilihukumu watu kwa rangi, na funga yake iliwekwa mwezi wa Desemba. Elijah Muhammad alipofariki Februari 1975, mwanawe Warith Deen Mohammed alichukua uongozi. Katika miaka michache aliwapeleka wafuasi wake kwenye sala tano, kwenye funga ya Ramadhani, na kwenye safu ambayo mweusi na mweupe husimama bega kwa bega. Muhammad Ali alifuatana naye. Hiyo ni miongoni mwa islahi kubwa za karne ya 20, nayo ilifanyika katika nchi hii, kwa Kiingereza, na watu ambao babu zao walinyang'anywa lugha zao pamoja na uhuru wao.

Muhammad Ali alipofariki mwaka 2016, sala yake ya jeneza ilisaliwa hapa Louisville katika ukumbi wa Freedom Hall tarehe 9 Juni, tukiwa katika siku za mwanzo za Ramadhani. Katika safu zile walisimama watu wa kila lugha. Hakuna aliyeuliza Uislamu wa marehemu ulikuwa wa lugha gani.

Na tukielekea jimbo la New York, waliko ndugu zetu wa Buffalo, tunakuta kumbukumbu nyingine. Mwana wa Sheikh Al-Amin, Profesa Ali Mazrui, alifundisha katika chuo kikuu cha Binghamton tangu 1989 hadi miaka yake ya mwisho. Alifariki mwaka 2014, akarudishwa kuzikwa Mombasa kwa wazee wake. Baba aliiandikia Mombasa kwa Kiswahili. Mwana aliuandikia ulimwengu kwa Kiingereza, juu ya Afrika, Uislamu na nchi za Magharibi. Je, mwana alimsaliti baba? Sisi tunaona kwamba kila mmoja aliangalia nani yuko mbele yake, kisha akachagua lugha. Na hilo ndilo linalotukumbushwa na Sura Ibrahim, kwamba kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie.

Tunajua jibu la wazee, na ni jibu zito. Wanasema: mkiifanya madrasa kuwa ya Kiingereza, Kiswahili kitakufa, na mtoto akikipoteza Kiswahili amempoteza bibi yake. Mama mmoja alituambia kwamba mjukuu wake humsalimu "shikamoo" vizuri, kisha mazungumzo yao huishia hapohapo. Hatuna la kumjibu mama yule ila kukiri kuwa jeraha lake ni la kweli. Mwacha mila ni mtumwa, walisema wahenga, nasi hatuji hapa kuwatengua.

Lakini tuseme kweli pia. Kwanza, Kiswahili chenyewe hakikuwa lugha ya mama kwa kila aliyemo humu. Ndugu zetu wa bonde la Juba walikuwa na Kizigua chao au Kimaay. Kiswahili wengi walikipata kambini, Dadaab, kisha Kakuma walikohamishiwa mwaka 2002 kabla ya kuletwa Marekani. Ndugu zetu wa Maniema na Kivu wanacho Kiswahili chao, nao hucheka wakisikia cha Unguja, kama Unguja wanavyocheka wakisikia chao. Pili, kinachokiua Kiswahili si darasa la saa mbili siku ya Jumamosi. Kinakufa Jumatatu hadi Ijumaa, baba akiwa zamu ya usiku ghalani, mama akiwa zamu ya mchana hospitalini, na mtoto akiwa na simu. Tusiibebeshe madrasa deni la nyumba. Madrasa ikishindwa kulilipa, tutakuwa tumepoteza lugha na dini pamoja.

Kwa hiyo, tukiwaheshimu wote watakaosema kinyume, haya ndiyo maoni tunayoyapeleka kwenye shura.

Qur'ani ihifadhiwe kwa Kiarabu kama kawaida, na hili halina mjadala. Maana, fiqhi na akhlaki zifundishwe kwa lugha ambayo mtoto anaulizia maswali, yaani Kiingereza kwa wengi wao, na mwalimu asiyekiweza apewe msaidizi miongoni mwa vijana wetu waliosoma hapa. Kiswahili kifundishwe kama somo linalojitegemea, kwa heshima yake, na si kama ukuta wa kupandwa kabla ya kuifikia dini. Humo wasomeshwe habari za Sheikh Al-Amin, Habib Saleh, Dada Masiti na Sheikh Farsy, ili wajue kwamba wanatoka kwa watu waliokuwa na elimu, na kwamba hawakuipokea dini yao kambini wala uwanja wa ndege.

Na la mwisho ni letu sisi watu wazima. Kila nyumba itenge usiku mmoja kwa wiki, baada ya Isha, simu ziwekwe kando, bibi asimulie kwa Kiswahili, Chimiini au Kizigua, na mjukuu amweleze kwa lugha hiyohiyo, hata kwa kubabaika, alichojifunza madrasa. Asiyelijua neno afundishwe neno. Kijana yule wa Suratul-Asr alihitaji mtu mmoja tu wa kumwambia hasara ni nini. Tulikuwamo chumbani watu wazima zaidi ya 20, na hatukumwambia.

Ndugu zetu, mwezi huu ndio ulioteremshwa ndani yake Qur'ani iwe uwongofu kwa watu, na mtu haongoki kwa neno asilolifahamu. Sheikh Al-Amin angeweza kubaki ndani ya Kiarabu chake kizuri. Alitoka akawafuata watu walipokuwa. Watoto wetu wako mbele kidogo tu, upande wa pili wa lugha. Tuwafuate.

Ewe Mola wetu, tutengenezee dini yetu ambayo ni kinga ya mambo yetu, na utengenezee kizazi chetu. Warehemu walimu wetu waliotangulia, walioafikiana na waliokhitilafiana. Zijaalie shura zetu ziwe za kheri, na utukubalie funga zetu na kisimamo chetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.